Koo la mtoto na moyo wake: kwa nini sindano ya kila mwezi isikatizwe



Karatasi hii inahusu ugonjwa unaoanzia kooni na kuishia moyoni. Waganga huuita homa ya baridi yabisi. Jina hilo limewapotosha wengi, kwa sababu ugonjwa hauletwi na baridi. Hapa Bugarama, bondeni kwenye joto na mashamba ya mpunga, unaweza kumpata mtoto kama unavyompata wa milimani. Unaletwa na kijidudu cha kooni, na baada ya hapo na kosa linalofanywa na askari wa mwili wa mtoto mwenyewe. Mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto wangu anacheza mpira, anakula vizuri, kwa nini bado achomwe sindano kila mwezi? Jibu limo ndani ya kosa hilo, kwa hiyo tulieleze kwanza.

Ndani ya damu mna chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, nazo ni za aina nyingi. Aina moja huitwa chembe B. Herufi hiyo imetoka kwa kuku. Kuku ana kifuko kidogo karibu na tundu la haja, ambacho mchinjaji hukitupa bila kukitazama. Mwaka 1956 mtafiti wa Marekani, Bruce Glick, pamoja na wenzake walieleza kwamba kuku aliyetolewa kifuko hicho angali kifaranga hushindwa kutengeneza kingamwili, yaani ile silaha iliyo katika maji ya damu, inayonasa vijidudu. Kifuko hicho kwa Kilatini huitwa bursa, na B ni herufi yake ya kwanza. Binadamu hana kifuko hicho. Chembe B zetu huzaliwa katika uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa.

Kila chembe B huzaliwa na umbo lake la kunasia, kama ufunguo uliochongwa kwa ajili ya kufuli moja. Kijidudu kikiingia mwilini, chembe ambayo ufunguo wake unakifaa huamka, huzaana kwa wingi, na kumwaga kingamwili za umbo lilelile. Vita vikiisha, baadhi yake hubaki zikikumbuka adui. Ndiyo sababu mtoto hupewa chanjo ya surua mapema: chembe zake hujifunza kabla ugonjwa wenyewe haujafika. Na chembe ambazo ufunguo wake unafaa kwa nyama ya mwili wenyewe? Nyingi huuawa mapema, zingali changa. Nyingi, lakini si zote.

Sasa turudi kooni. Kijidudu tunachokisema huitwa streptokoki wa kundi A. Juu ya ngozi yake kina sehemu zinazofanana na sehemu za moyo wa mtu. Waliowahi kupalilia mpunga wanajua magugu yale yanayofanana kabisa na mpunga mchanga: mkono wenye haraka hung'oa vyote viwili. Hivyo ndivyo kingamwili zinavyofanya kwa watoto wachache. Zimetengenezwa kwa ajili ya kijidudu, zikafika moyoni zikakuta kitu kinachofanana nacho, zikashika. Zikishajeruhi ngozi laini ya vali, yaani milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma, chembe nyeupe za aina nyingine, ziitwazo chembe T, hupenya na kuendeleza uharibifu. Mlango ukipona hubaki na kovu: ama haufungi vizuri, ama haufunguki vizuri.

Kosa hili huchukua muda. Koo huuma, hupona, na wiki 2 au 3 baadaye homa inarudi na viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko. Wengine huchoka na kuhema. Wengine, hata baada ya miezi, mikono na uso huchezacheza bila wao kutaka. Wagonjwa wengi ni watoto wa miaka 5 hadi 15. Kwa kuwa koo limeshasahaulika, watu hutafuta sababu nyingine, na hapo ndipo tunapopenda kusema wazi. Mtoto aliyevimba miguu na kukosa pumzi hakupewa sumu na jirani. Maneno ya amarozi yamevunja urafiki wa watu wanaochota maji bomba moja, na mgonjwa akazungushwa kwa waganga wa kutapisha wakati moyo wake ulikuwa unahitaji daktari. Vilevile kukata kimeo hakuondoi kijidudu hiki. Kunaleta kutoka damu na vidonda.

Si kila koo linalouma ni la streptokoki. Mengi huletwa na mafua. Mtoto mwenye makamasi na kikohozi kwa kawaida hahitaji dawa ya kuua bakteria. Lakini koo likiuma ghafla pamoja na homa, bila mafua, mafindofindo yakiwa mekundu au yana usaha, na tezi za shingo zikiuma, mleteni kituo cha afya. Penisilini ikianza kutumika ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni havifanyi kazi hiyo, maana koo hutulia huku kijidudu kikibaki hai. Katika nyumba ambamo watoto wanne wanalala mkeka mmoja, kinapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine kwa urahisi.

Kwa mtoto ambaye homa hii imeshampata, hatari kubwa ni koo la pili na la tatu. Chembe B zake zinakumbuka. Kila streptokoki akirudi, zinaweza kuamka tena na kung'oa mpunga pamoja na magugu, na kovu likaongezeka juu ya kovu. Sindano ya benzathini penisilini haitengenezi mlango ulioharibika. Kazi yake ni kumzuia kijidudu asikae kooni, ili chembe hizo zisipate sababu ya kuamka. Huchomwa kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, na kwa wengine maisha yote. Ni dawa nzito na inauma, hatutaficha. Kama mtoto amewahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya penisilini, mwambieni muuguzi kabla hajachoma.

Ushahidi ulio karibu nasi unatoka Gulu, kaskazini ya Uganda, ambako watu wengi waliishi kambini wakati wa vita. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 walionekana kwa picha ya moyo kuwa na dalili za mwanzo, na nusu yao wakachomwa sindano kila wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kati ya 399 wa kundi la sindano waliofuatiliwa hadi mwisho, ugonjwa uliendelea kwa 3. Kati ya 400 wasiochomwa, uliendelea kwa 33.

Mlango ukiharibika kabisa, hubaki upasuaji. Hospitali ya King Faisal, Kigali, ilianza kupokea timu ya madaktari wa moyo kutoka Marekani mwaka 2008, na watoto wengine wa Rwanda waliwahi kusafirishwa hadi Khartoum, Sudani. Nafasi ni chache, na aliyewekewa mlango wa chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Msichana mwenye tatizo la moyo amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu mimba huongeza kazi ya moyo.

Anayehamishwa kwenda Kiziba, Kigeme, Mugombwa au Mahama, au anayerudi kwao, achukue kadi ya sindano na kuiweka pamoja na kadi ya mgao. Siku ya kufika aionyeshe kituo cha afya, asisubiri kuugua. Kadi ikilowa au kupotea njiani, taja jina la dawa na wiki uliyochomwa mara ya mwisho. Na wiki 4 zikipita mkasahau, njooni siku mtakayokumbuka. Hakuna atakayewagombeza.