Wekundu Si Chuma: Lishe na Istilahi ya 'Upungufu wa Damu'

Istilahi faafu humfikisha mtumiaji kwenye dhana yenyewe. Hata hivyo, zipo istilahi zilizokwisha kukubalika ambazo humpitisha msikilizaji kando ya maana. Mojawapo ni 'upungufu wa damu'. Anayeisikia hudhani kwamba damu imepungua mishipani mithili ya maji mtungini, na kwamba itaongezwa kwa chochote chekundu. Ndiposa wengi hukimbilia bitiruti. Neno 'safura' nalo, kwa kuhusishwa na minyoo wafyonzao damu, hugusa chanzo kimoja tu. Kinachopungua hasa ni hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni katika chembechembe nyekundu za damu. Mwili hauwezi kuiunda bila madini ya chuma.

Rangi ya chakula haiashirii kiasi cha chuma kilichomo. Gramu 100 za bitiruti zilizochemshwa huwa na chini ya miligramu 1 ya chuma. Kiasi hicho hicho cha maharagwe yaliyochemshwa huwa na takriban miligramu 2, na maini ya ng'ombe yaliyopikwa takriban 6. Mwongozo wa lishe wa Marekani hupendekeza miligramu 18 kwa siku kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50, na 8 kwa mwanamume wa umri huo. Tofauti hii hutokana hasa na hedhi.

Aidha, chuma kilichomo sahanini si lazima kifike damuni. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Cha ndengu, maharagwe, mchicha na wimbi hufyonzwa kwa shida. Chai ya majani inyweshwapo pamoja na mlo huzidisha shida hiyo, kwa hivyo ni heri ingoje saa moja au zaidi. Kinyume chake, vitamini C husaidia: limau juu ya ndengu, chungwa au pera baada ya githeri. Kuroweka maharagwe na kuchachusha uji wa wimbi pia hupunguza vizuizi vya ufyonzaji.

Isitoshe, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka watengenezaji wa unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti kuuongezea chuma. Unga unaosagwa katika vinu vya mitaani kwa kawaida hukosa nyongeza hiyo.

Hata hivyo, lishe haiponyi kila hali. Malaria, minyoo na kutokwa na damu nyingi pia hupunguza hemoglobini. Anayechoka bila sababu au kuhema upesi anafaa kupimwa kabla ya kujinunulia vidonge.

Wanaistilahi nao wana jukumu. 'Ukosefu wa chuma mwilini' ungeweza kutengwa waziwazi na 'upungufu wa damu', ili mgonjwa atokapo kliniki ajue anachotafuta sokoni.