Je, Wajua? Duka la Taipureta Linalotunzwa Kama Kasri

Tukisema urithi wa majengo, fikra hukimbilia ngome, misikiti ya kale na makaburi ya wafalme. Nani atalikumbuka duka? Basi twende Venice, Italia, kwenye uwanja maarufu wa San Marco. Hapo, chini ya matao ya jengo la karne ya 16, pana duka dogo la mwaka 1958 ambalo wasanifu majengo husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuliona, na hata wakifika hakuna wanachonunua.

Lilijengwa watu watazame, kuuza baadaye

Adriano Olivetti, mkuu wa kampuni ya Olivetti iliyotengeneza taipureta na mashine za kujumlishia hesabu, hakumwomba mbunifu Carlo Scarpa amjengee kaunta ya mauzo. Mwaka 1957 alimwomba ukumbi wa kuonyeshea mashine zake kwa heshima ile ile ambayo makumbusho huyapa masanamu. Alikuwa na sababu. Taipureta ya Lettera 22, iliyobuniwa na Marcello Nizzoli mwaka 1950, ni ndogo na nyepesi kiasi cha kubebwa mkononi kama mkoba, na imekuwa sehemu ya hazina ya jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York. Olivetti aliamini kwamba kitu cha kazi kinastahili uzuri, na kwamba mahali kinapoonyeshwa panastahili uzuri huohuo.

Upana wake haufikii goli la mpira

Goli la soka lina upana wa mita 7.32. Fremu aliyopewa Scarpa ilikuwa na upana wa mita 5 hivi, urefu wa mita 21 na kimo cha mita 4, tena yenye giza. Alibomoa kuta zilizoikatakata kwa ndani, akafungua vioo vikubwa upande wa nje, na juu akapitisha roshani mbili kando ya kuta ndefu. Ukiingia leo, jicho lako linasafiri mpaka mwisho wa chumba bila kugonga ukuta.

Ngazi imewekwa mahali ambapo mwenye duka yeyote angeikataa

Katika chumba chembamba, ngazi husukumwa pembeni ili nafasi isipotee. Scarpa aliisimamisha katikati, ikawa ndiyo kitu cha kwanza kinachokukaribisha. Isogelee uitazame vizuri. Kila kidato ni bamba zito la marumaru ya Aurisina, jiwe linalochimbwa karibu na Trieste, na kati ya bamba na bamba pana uwazi ambamo mwanga hupita. Vyuma vyembamba ndivyo vinavyobeba uzito wote, kwa hiyo mawe yanaonekana kana kwamba yanaelea. Vidato havilingani pia: vingine vimerefushwa upande mmoja mpaka vinageuka rafu na vikalio. Unapanda ngazi, na papo hapo unapita katikati ya fanicha ya jiwe. Kwa maoni yangu, hakuna ngazi ya karne ya 20 iliyofanya mengi kiasi hicho katika nafasi ndogo kiasi hicho.

Sakafu na ushanga wa misafara yetu vina asili moja

Sakafu ya duka hili imepambwa kwa vipande vidogo vya kioo cha Murano, kisiwa cha Venice ambako mafundi wa kioo wamekuwa wakifanya kazi tangu karne ya 13. Vipande vyenyewe havilingani umbo, na rangi hubadilika unapotoka sehemu moja kwenda nyingine: nyekundu, buluu, manjano, kisha nyeupe inayokaribia kijivu. Scarpa alikijua kioo hicho kwa undani, maana kwa miaka 15 hivi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa mbunifu wa vyombo vya kiwanda cha Venini huko Murano.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Katika karne ya 19, ushanga mwingi uliobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ulitengenezwa Venice na Murano, ukiwemo ule mwekundu wa samesame uliopendwa sana. Mwandishi wa habari Stanley alipojiandaa kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, alinunua Unguja magunia 22 ya ushanga wa aina 11, kwa sababu kila eneo lilitaka rangi yake, na msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa hatarini kulala njaa. Ustadi uliozalisha ushanga ule ndio uliozalisha sakafu hii.

Mlango wa pili ni wa maji

Uwanja wa San Marco uko chini sana. Bamvua likipanda kama sentimita 80 juu ya kipimo cha mji, maji ya chumvi huanza kuchungulia kupitia mifereji. Tarehe 4 Novemba 1966, duka likiwa na miaka 8 tu, yalifika sentimita 194, na Novemba 2019 yakafika 187. Sakafu ya mbao isingehimili maisha kama hayo, lakini kioo hakiozi wala hakishiki kutu. Scarpa, mzaliwa wa Venice, hakuyaogopa maji. Karibu na mlango aliweka bamba la marumaru nyeusi ya Ubelgiji lenye maji membamba kama utandu, na juu yake sanamu ya shaba iliyochovywa dhahabu, kazi ya mchongaji Alberto Viani.

Aliyelijenga hakuwa na leseni ya usanifu

Scarpa alisomea sanaa na akakataa katakata kufanya mtihani wa kumpa cheti cha msanifu majengo. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Olivetti ya usanifu majengo, lakini chama cha wasanifu kilimshtaki kwa kufanya kazi hiyo bila kibali. Mahakama haikumtia hatiani. Mafundi wake wa mawe, mbao na chuma walimwita Profesa, na wengi wao walifanya naye kazi kwa miaka mingi. Ndiyo maana kulitunza duka hili ni kutunza pia kazi ya mikono yao: dirisha lenye umbo la jicho linaloangalia uwanja, kiunzi cha msaji kinachoteleza mbele yake, kona za jiwe zilizosuguliwa mpaka zikawa laini.

Ndugu wa duka hili huko New York aliweka taipureta barabarani

Mwaka 1954 Olivetti ilifungua ukumbi mwingine Fifth Avenue, uliobuniwa na wasanifu wa BBPR wa Milan. Nje ya mlango, juu ya nguzo ya marumaru, palikaa taipureta moja ambayo mpita njia yeyote aliruhusiwa kuichapa apendavyo. Ndani, ukuta mzima ulikuwa sanaa ya Costantino Nivola, msanii wa Sardinia aliyebuni mbinu ya kuchonga umbo katika mchanga wenye unyevu kisha kulimwagia plasta. Mbinu hiyo aliigundua akicheza ufukweni na watoto wake! Ukumbi wenyewe haupo tena, lakini ukuta ule ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1973, na wanafunzi wa sayansi hupita mbele yake kila siku.

Magari ya Wright yaliondoka, ukumbi nao ukaondoka

Mwaka 2013, New York ilipoteza ukumbi wa magari uliobuniwa na msanifu majengo Frank Lloyd Wright katikati ya miaka ya 1950, wenye njia ya mzunguko iliyofanana na ile ya jumba lake la sanaa la Guggenheim. Tume ya kulinda majengo ya kihistoria ilikuwa imeshawaarifu wenye nyumba kwamba inafikiria kuulinda. Siku chache baadaye, kibali cha kubomoa kilikuwa kimeshatoka, na ukumbi ukavunjwa. Nyumba ya ibada hudumu kwa sababu waumini hawakosekani. Ukumbi wa bidhaa hutegemea bidhaa, na bidhaa zina msimu.

Kwa miaka kadhaa liliuza zawadi za watalii

Hata duka la Venice liliponea chupuchupu. Kompyuta ziliimaliza biashara ya taipureta, mwaka 1997 Olivetti ikalifunga duka, na chini ya roshani za Scarpa pakapangwa zawadi za watalii. Kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba aliyeliokoa ni mwenye nyumba mwenyewe. Kampuni ya bima ya Generali, ambayo kwa eneo lile ingeweza kulipangisha kwa yeyote, ililikarabati, na mwaka 2011 ikalikabidhi kwa FAI, taasisi inayotunza majumba na mandhari za Italia. Taipureta zikarudi kwenye vikalio vyake, na leo watu hulipa kiingilio kuingia dukani.

Na mji wa kiwandani nao umo kwenye orodha ya dunia

Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji wa Ivrea, ambako Camillo Olivetti, babake Adriano, alianzisha kiwanda mwaka 1908, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilicholindwa huko ni karakana zenye kuta za vioo, nyumba za wafanyakazi, kantini yao na kituo cha huduma za jamii, vyote vya karne ya 20.