Bwana Msa na Wenzake: Kwa Nini Mhusika wa Mfululizo Hupendwa

Utangulizi

Msomaji wa riwaya husahau mengi. Husahau mpangilio wa matukio, husahau mandhari, na wakati mwingine husahau hata jina la mwandishi. Mhusika aliyempenda, hata hivyo, humkumbuka. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika riwaya za mfululizo, yaani zile ambazo mhusika mmoja hurejea kitabu baada ya kitabu. Ajabu ni kwamba mhusika huyu anayependwa na wasomaji ndiye anayedharauliwa mara nyingi katika uhakiki. Huitwa mhusika bapa kwa sababu habadiliki, na riwaya yake huwekwa katika kapu la fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro. Makala haya yanaeleza kwa nini mhusika wa mfululizo hupendwa, na kwa nini mizani inayotumiwa kumpima haimfai. Mfano mkuu ni Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla.

Bwana Msa ni nani?

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na ukachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Zilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Wahakiki wamekubaliana kwamba Bwana Msa ana nasaba na Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle. Ana kiko chake, ana utulivu wake, na ana akili inayounganisha mambo madogo ambayo wengine wameyapita. Lakini kumwita Holmes aliyevalishwa kanzu ni kumpunja. Holmes hukaa London, katika jamii inayojivunia sayansi. Bwana Msa huishi miongoni mwa watu wanaoogopa mizimu, visima na mashetani, na majina ya riwaya mbili za kwanza yanalitangaza jambo hilo mapema. Giningi, katika imani za watu wa visiwani, ni makao ya wachawi yasiyoonekana kwa macho ya kawaida. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, tajiri mwenye mashamba anauawa, na mahali patakatifu panapoogopwa panahusishwa na kifo chake. Kazi ya Bwana Msa basi ni mbili kwa pamoja: kumpata muuaji, na kuiondoa hofu inayomficha muuaji huyo. Anaonyesha kwamba nyuma ya kinachodhaniwa kuwa kazi ya mizimu kuna binadamu mwenye tamaa, mwenye wivu au mwenye siri.

Jambo hili si la zamani tu. Katika sehemu kadhaa za Kenya, zikiwemo Kisii na Kilifi, wazee wameuawa katika miaka ya karibuni kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mhusika anayeuliza "nani kanufaika?" pale umati unapouliza "nani karoga?" bado ana kazi ya kufanya.

Mpelelezi na wenzake

Bwana Msa hapendwi peke yake. Pembeni yake yuko Najum, rafiki na msaidizi, na yuko Inspekta Seif, ambaye wasomaji wamemzoea kwa jina la Spekta Seif. Hawa wawili ni wahusika wasaidizi, lakini bila wao Bwana Msa angekuwa mashine ya kufikiri. Najum humwakilisha msomaji. Huona yale yale anayoyaona Bwana Msa, hutoa hitimisho la haraka, na hitimisho hilo huwa kosa. Msomaji humcheka, kisha hutambua kwamba naye alifikiri hivyo hivyo ukurasa uliotangulia. Huo ndio ucheshi wa mfululizo huu. Hautokani na vichekesho vilivyopachikwa, bali na tofauti ya mwendo kati ya akili mbili.

Ngano zatangulia

Mwanafunzi aliyelelewa Lugulu, karibu na Webuye katika Kaunti ya Bungoma, hana haja ya kwenda London wala Unguja ili kumwelewa mhusika wa mfululizo. Fasihi simulizi ya Wabukusu inaye tayari. Mango, shujaa anayesimuliwa kwamba alimuua nyoka wa kutisha katika pango la Mwiala na hivyo kustahili kutahiriwa, ni shujaa wa kisa kimoja. Tendo lake ni kubwa na limekamilika. Hakuna anayetarajia Mango auwe nyoka mwingine kesho. Sungura ni kinyume chake. Leo anamhadaa fisi, kesho tembo, keshokutwa zimwi, na kila mara ni yule yule: mdogo, mwerevu, mlaghai. Hadhira haimuulizi fanani kama sungura amebadilika. Inauliza safari hii atatokaje.

Swali hilo ndilo ufunguo. Katika kisa cha Mango taharuki hutokana na mhusika: je, ataweza? Katika kisa cha sungura taharuki hutokana na hali, kwa kuwa mhusika anajulikana. Bwana Msa ni wa ukoo wa sungura. Ndivyo walivyo pia Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kujulikana kwa Kufa na Kupona (1974), na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hawa wawili walichukua bastola na ndege pale Bwana Msa alipochukua kiko, lakini msomaji aliwafuata kwa sababu ile ile: aliwajua.

Mizani isiyofaa

Istilahi za mhusika bapa na mhusika duara zilitokana na E. M. Forster katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu riwaya. Linalosahauliwa ni kwamba Forster hakumtupa mhusika bapa. Alieleza kwamba mhusika huyo hutambulika upesi, hukumbukwa kwa urahisi, na hufaa sana katika ucheshi. Wanafunzi wamerithi istilahi bila kurithi tahadhari hiyo.

Tena, mfululizo huwa na kina chake ambacho kitabu kimoja hakiwezi kukionyesha. Jina Kosa la Bwana Msa lingekuwa la kawaida kama lingekuwa la riwaya ya kwanza. Likija mwaka 1984, baada ya riwaya sita ambamo Bwana Msa amejulikana kwa kupatia, jina lenyewe ni tukio. Msomaji anashtuka kabla ya kufungua jalada. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza mwaka 1893, Conan Doyle alipomuua Holmes: wasomaji walilalamika hadi mwandishi akamfufua mwaka 1903. Wapo pia wanaobadilika polepole. Samuel Vimes, katika riwaya za kifantasia za ucheshi za Terry Pratchett, anaanza mwaka 1989 akiwa kapteni mlevi wa askari wa zamu, na vitabu kadhaa baadaye ni mtu mzito katika mji wake. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa anayesoma kitabu kimoja.

Hitimisho

Anayemchambua mhusika wa mfululizo hafai kuuliza tu kama amebadilika. Aulize ni sifa ipi inayorudi, ni hali ipi mpya inayoijaribu sifa hiyo, na ni nani aliye pembeni yake anayeifanya ionekane. Kwa mizani hiyo Bwana Msa si mhusika dhaifu. Ni mhusika imara, aliyesimama mahali pamoja kwa miaka 24 ili jamii inayomzunguka iweze kuonekana ikitikisika.