Mafuta ya mkaratusi si ya kunywa

Mtoto akibanwa na mafua, wazazi wengi hukimbilia mkaratusi. Huchuma majani ya mti wowote ulio karibu, wakachemsha, kisha wakamfunika mtoto blanketi juu ya sufuria.

Lakini mikaratusi ina aina mamia. Ile mirefu inayopandwa Iringa na Njombe kwa nguzo za umeme, mirunda na mbao ilichaguliwa kwa kukua haraka na kunyooka, si kwa tiba. Yenye harufu ya limau ina mafuta tofauti na ya globulus, aina yenye sineoli nyingi, kiini kinachofanya pua ihisi imefunguka. Nasema “ihisi” kwa makusudi. Ubaridi huo hauui virusi vya mafua.

Ninachokiogopa zaidi ni ile chupa ndogo ya mafuta unayoiweka kando ya kitanda. Kijiko kimoja cha chai kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kumletea usingizi mzito, degedege na kushindwa kupumua. Usimtapishe, maana mafuta yakiingia mapafuni ni balaa jingine. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Aliye chini ya miaka miwili usimpake puani wala usoni. Nyungu nayo usimfukize mtoto: sufuria ikipinduka, mafua yanageuka kidonda cha moto. Mdondoshee puani matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa, umnyonyeshe mara kwa mara. Akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani, usingoje kesho.