Mluzi wa babu na ndege wa asali

Wengi mmetuona Jumamosi asubuhi tukipita na watoto kumi na kitu nyuma ya mzee mwenye fimbo, mkauliza tunakwenda wapi, maana hatukubeba ndoo wala kamba ya kuni. Wengine mmesema tunawafundisha watoto uvivu. Leo tunawajibu: tunakwenda kuangalia ndege.

Yule mzee ni babu yetu, mzaa mama. Kazi hii aliianzisha yeye, sisi wajukuu tunaojitolea kufundisha tuliongeza tu daftari na biki. Darubini hatuna. Kanuni ni mbili: manati inabaki nyumbani, na anayetaka kusema anagusa bega la mwenzake kwanza. Hiyo ya manati ilituletea ugomvi mkubwa, kwa sababu kijana mmoja wa darasa la nne alikuwa hodari kweli wa kulenga, na kwao njiwa ni mboga. Hatukumgombeza. Babu alimwambia tu: "Macho yako ni mazuri kuliko yetu sote, njoo utuonyeshe." Sasa ndiye anayeona wa kwanza.

Katika daftari tumefikisha aina 41. Wapo wa kila siku kama kunguru, ambao siku ya mgao wanafika kabla yetu sisi wenye kadi. Yupo dudumizi, ambaye bibi akimsikia anaanua nguo hata kama jua linawaka. Wapo pia keremkerem na mbayuwayu ambao baadhi yao wanazaliwa Ulaya, wanavuka jangwa la Sahara na kukaa huku kwetu miezi ya baridi ya kule, halafu wanarudi kwao kuanzia mwezi wa tatu. Mtoto mmoja aliuliza ndege hao wanapewa kibali na nani. Tulicheka, lakini Babu hakucheka.

Lakini ndege tuliyetaka kuwaeleza habari zake mwezi huu ni mmoja tu, ndege wa asali, ambaye Kiswahili cha vitabuni kinamwita mlembe.

Kumtazama tu, hana uzuri. Ana rangi ya majivu na kahawia, mdogo kuliko njiwa, ila akiruka utaona weupe pembeni mwa mkia. Maajabu yake ni kazi anayoifanya. Anajua mzinga wa nyuki wa porini uko wapi, lakini nyuki watamuuma na shimo la mti ni dogo. Basi anamtafuta binadamu. Anapiga kelele kama mtu anayetikisa kiberiti, anaruka mti wa mbele, anakungoja, ukifika anaruka tena, mpaka mnafika. Wewe unawasha moshi, unapasua kwa shoka, unachukua asali. Yeye anakula nta na watoto wa nyuki. Nta hiyo wanyama wengi tumbo lao haliiwezi, la kwake linaiweza.

Tulipowaeleza watoto jinsi anavyolelewa, walimchukia wiki nzima. Mama yake hutaga katika kiota cha ndege wengine, kama keremkerem au kigong'ota. Kinda akianguliwa ana ndoana kali mdomoni, na kwa hiyo anawaua watoto wa wenye nyumba, halafu analishwa peke yake. Kwa hiyo hakuna mzazi wa kumfundisha njia ya asali, na hata hivyo akikua anaijua.

Sasa tuingie habari za nyumbani. Babu alizaliwa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza alivua ndakala kwa taa, na siku za upepo mbaya alipanda mlimani na baba yake kurina asali. Baba yake alikuwa na mluzi wa kumwita huyu ndege. Unakunja viganja viwili kama unashika yai, unapuliza katikati ya vidole gumba: sauti mbili ndefu, moja fupi inayokatika. Baba alifundishwa na baba yake, na Babu anasema mtu wa mlima wa pili aliweza kusikia na kujua ni ukoo gani uko porini leo.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita ilipofika kwetu, Babu alivuka ziwa na bibi na watoto watano katika boti ya watu, wakashukia upande wa Kigoma, kisha wakaletwa hapa Nyarugusu, kambi ikiwa bado ni mapori na mahema. Nyavu ziliachwa. Shoka la asali lilikuja, likiwa limefungwa ndani ya kitenge cha bibi. Lipo mpaka leo, ila mpini ni wa mti wa huku.

Miaka ile ya mwanzo, anasema, miti ilikuwa mingi karibu, na mlembe alimsikia mara nyingi. Akakunja viganja, akapiga mluzi wa baba yake. Ndege akanyamaza, akaenda zake. Akajaribu tena siku nyingine, vilevile. Bibi anatuambia alirudi nyumbani akakaa bila kula, akasema: "Hata ndege wa huku wanajua sisi ni wageni." Sisi tuliozaliwa hapa hadithi hiyo tuliikuta nyumbani, na tuliichukulia kama maneno ya uchungu tu.

Baadaye mwenyeji mmoja, Muha mfuga nyuki, alimwonyesha namna ya huku: unagonga shina kwa ubapa wa shoka, unatoa mluzi mwembamba wa meno. Siku hiyohiyo ndege akaja.

Mwaka jana tulisoma kwenye simu jambo lililotufanya tumkimbilie Babu usiku. Watafiti walikwenda msitu wa Niassa, Msumbiji, ambako Wayao humwita mlembe kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizika kwa mguno. Mwaka 2016 waliandika kwamba ukitoa sauti ile, nafasi ya ndege kukuongoza inapanda kutoka karibu asilimia 33 hadi 66. Kisha mwaka 2023 wakalinganisha na Wahadzabe wa hapa Tanzania, ambao wao wanapiga mluzi. Wakakuta ndege wa Msumbiji anaitikia zaidi sauti ya Wayao, na ndege wa Wahadzabe anaitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya kigeni. Yaani ndege anajifunza lugha ya watu anaokaa nao.

Babu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hao watafiti wamefika Fizi. Tukasema hatujaona imeandikwa. Akasema: "Basi kule bado wananijua," akaenda kulala.

Ile Jumamosi ya mwezi wa sita ndiyo hasa iliyotufanya tuandike. Tulikuwa tumeteremka bondeni, nyasi zimekauka, hakuna wingu. Msichana mmoja akatugusa bega: "Mwalimu, nani anatikisa kiberiti?" Babu hakuwa amesikia kitu. Masikio yake sasa hayakamati sauti nyembamba, jambo ambalo tulikuwa tunalishuku lakini siku hiyo tulilijua. Yule kijana wa manati akanyoosha kidole. Mlembe alikuwa juu yetu kabisa, mkia wazi, anapiga kelele. Hakuna aliyemwita.

Tukamfuata. Mti wa kwanza, wa pili, wa sita, hatukuhesabu tena. Watoto walikuwa wanatembea kwa vidole kama wezi. Babu alisahau fimbo.

Tukafika kwenye kichuguu kikubwa. Wanaotembea njia ile wanakijua. Kwetu ndio mwisho, maana mbele yake tunakaribia zile kilomita nne ambazo hatuvuki bila kibali, na mama zetu waliokwenda kuni mbali wanajua kwa nini hatupeleki watoto huko hata kama tungeruhusiwa. Babu akasimama. Ndege akaenda mbele, akangoja, akarudi mpaka tawi la karibu, akapiga kelele zaidi. Watoto wakaanza: "Babu, karibu tu! Babu, asali!" Kusema kweli na sisi wakubwa tulitaka. Kuna miaka mtu hajaonja asali.

Babu akasema: "Mimi peke yangu ningekwenda. Nyinyi siwapeleki."

Mmoja akamwambia agonge mti, ili ndege angoje tutafute namna. Akakataa. "Nikigonga atajua tunakuja. Nitakuwa nimemdanganya, na kesho hatamwamini mtoto wenu." Kisha akakunja viganja viwili, akapiga mluzi wa baba yake, sauti mbili ndefu na moja fupi. Hatukuwa tumewahi kuusikia porini, jikoni tu. Ndege akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja, akaruka kuelekea Makere.

Tulirudi kimya. Nyumbani bibi alimwuliza asali iko wapi, akajibu kwamba iko mahali pake.

Jioni mjomba alipiga simu kutoka Marekani, alikohamia na familia mwaka 2017. Akasimuliwa. Akaomba mwanawe ausikie mluzi. Babu akapuliza kwenye simu mara tatu, salio likaisha kabla hatujajua kama mtoto alisikia vizuri. Tangu hapo kila jioni watoto wa mstari wetu wanafanya mazoezi, majirani mtusamehe. Waliofaulu ni wawili. Wa kugonga mti na mluzi wa meno ni wengi zaidi, na huo ndio utakaowafaa hapa. Babu anawafundisha yote miwili, na anakasirika wakiichanganya.

Katika daftari msichana aliyesikia ndege ndiye aliyeandika siku ile: "Mlembe, mmoja. Asali, bado."

Wazazi mnaotaka kuleta watoto, tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka nyuma ya shule, tunarudi saa tatu ili maji yachotwe. Manati zibaki. Na wazee mnaojua milio ya kuitia ndege huyu kutoka kwenu, iwe Fizi, Uvira au Burundi, tafadhali njooni mtuonyeshe wenyewe, kwa sababu tumejaribu kuuandika mluzi wa Babu kwa herufi na haiwezekani.