Deni la Nyumbani Lihesabu kwa Shilingi

Ukiwa Brussels na deni la HESLB Tanzania, andika kila mwezi kilichobaki kwa shilingi. Ukiandika kwa yuro, yuro ikipanda deni litaonekana limepungua na hujalipa hata senti. (Mimi naandika nyuma ya ratiba ya zamu, haipotei.) Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa 2021, kwa hiyo omba taarifa mpya.

Mikopo ya hapa iko kwenye daftari la Benki Kuu ya Ubelgiji, na kuangalia yako ni bure. Ukichelewesha kisha ukalipa malimbikizo yote, rekodi hukaa miezi 12 zaidi. Unayepanga kukopa ununue nyumba, ihesabu hiyo pia.