PAMPU ISILALE



Kila dereva wa lori anajua jambo hili: maji ya rejeta yasipozunguka, injini inaungua. Rejeta ijae mpaka juu na feni izunguke namna gani, pampu ikifa safari imekwisha. Leo tutaeleza mashine nyingine yenye shida hiyo hiyo, nayo ni kompyuta.

Kadi ya picha ni nini?

Ndani ya kompyuta ya kutengenezea filamu mna kadi ya picha. Kazi yake ni kuchora yale tunayoyaona kwenye kioo. Kadi kubwa hula umeme mwingi, na umeme huo hugeuka joto. Kwa mfano, kadi ya Radeon R9 295X2, iliyotolewa na kampuni ya AMD mwaka 2014, ilikuwa ya wati 500. Ni kama balbu tano za wati 100 ndani ya sanduku moja! Ndiyo maana ilipozwa kwa maji: pampu ndogo, mipira, rejeta na feni.

Pampu si feni

Kwa kawaida vyote viwili hutumia umeme wa volti 12. Lakini feni huweza kupunguza mwendo kadi ikipoa. Pampu haina ruhusa hiyo. Ikisimama, maji nayo yanasimama.

Kijana mmoja, mpiga video za harusi, alituletea kompyuta yake. Alikuwa ametoa feni za kadi, akafunga kipozeo cha maji mwenyewe. Plagi ya pampu akaichomeka pale zilipokuwa feni. Kumbe tundu lile hupunguza umeme kadi ikipoa. Pampu ikawa inasimama, kompyuta inazimika ovyo, na wenye harusi wanadai kazi yao. Tuligusa rejeta: baridi kama mtungi, na kadi inachoma! Basi tukajua maji hayatembei. Tuliipa pampu umeme usiopungua, kazi ikaendelea.

Tufanyeje?

1. Zima kompyuta na uchomoe waya wa ukutani kabla ya kugusa chochote.

2. Kama kadi ilitoka kiwandani na pampu yake, usibadili waya. Kadi yenyewe huilisha.

3. Kama umeifunga mwenyewe, ipe pampu volti 12 kamili wakati wote. Tumia tundu la pampu kwenye bodi kuu, ulipange liwe mwendo wa juu, au chukua umeme moja kwa moja kwenye sanduku la kugawa umeme.

4. Soma kibandiko cha pampu na cha feni. Tundu la feni la bodi kuu kwa kawaida hubeba ampia 1, yaani wati 12. Tuseme pampu inataka ampia 0.8 na feni ampia 0.4. Jumla ni 1.2. Imezidi! Usiviweke kwenye tundu moja.

5. Baada ya kuwasha, ipe kadi kazi kidogo, kisha gusa rejeta. Ikipata uvuguvugu, maji yanatembea. Ikibaki baridi na kadi inazidi joto, zima upesi.

Ndugu zetu, namba zile ndogo za kwenye kibandiko ndizo zinazookoa kadi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi. Tulijifunza kusoma na kuhesabu ili tuzitumie. Tuzisome kabla ya kuchomeka plagi.

Elimu haina mwisho.